Kitu cha Kunirudisha

Kwenye matanga ya Anti Kalondu, mwezi uliopita, nilipewa kazi ya kugawa chai, na mtu aliyeshika birika kwenye matanga husikia mengi kuliko pasta. Watu hunyoosha vikombe bila kukatiza maneno yao. Nilipofika safu ya nyuma ya hema, mama mmoja wa kanisani alikuwa akinionyesha kwa mwenzake kwa kidevu. "Si ndiyo huyo. Yule alienda majuu akarudi." Mwenzake akanitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa, akauliza, "Kwani alifukuzwa?" "Hapana. Alirudi tu." Wakasikitika wote wawili, kisha wakaniomba niwaongezee sukari. Nimezoea. Ni karibu miaka ishirini tangu nirudi, nafundisha jiografia katika shule ya sekondari hapa hapa, watoto niliowafundisha wana watoto wao, na bado Kitengela nzima inanijua kwa jambo hilo moja. Walionisikitikia zaidi ni wale ambao hawajawahi kwenda popote kupita Namanga pale mpakani. Niliwamiminia chai nikasonga mbele.

Sikulia kwenye matanga yale. Nalisema mapema kwa sababu jamaa zangu wamelisema vya kutosha. Nilipika, nikapanga viti, nikapokea michango, nikaongea na watu wa jeneza, na ndani yangu kukawa kimya. Kimya kile nilikijua. Kiliwahi kukaa nami mwaka mzima, mwaka ule wa kujiandaa kusafiri, na kwa sababu watu siku hizi huniuliza juu ya kurudi tu, hakuna anayeniuliza juu ya kuondoka, nimeona niuandike mwaka huo kabla matanga hayajawa yangu na birika likashikwa na mwingine.

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni. Nilikuwa nimechaguliwa kwenda kusoma mwaka mmoja katika chuo kimoja kaskazini mwa Ulaya, nchi ambayo Anti hakuwahi kuitamka sawasawa mpaka alipokufa. Wenyeji wangelipa karo na chumba. Nauli, bima, visa na nguo za baridi vilikuwa juu yangu, na mimi sikuwa na kitu. Mama alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Habari za nyumbani na za ugonjwa wake zina mahali pake, si hapa. Ili kubana matumizi niliacha kitanda changu cha hosteli nikahamia kwa Anti, mdogo wa mama, aliyekuwa na hoteli ya mabati nyuma ya steji ya matatu ya Kitengela. Nasema hoteli kwa maana yetu: meza nne ndefu, chai, chapati, maharagwe ya madondo, githeri ya mahindi na maharagwe, na muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa siku za Jumatano kwa ajili ya Wakamba waliokuwa wakijenga maghorofa ya kwanza kwanza ya mji ule. Niliosha sufuria asubuhi, nikaenda darasani Nairobi, nikarudi kuosha sufuria za jioni. Anti hakunilipa, nami sikumlipa, na kilichobaki kwenye mauzo kiliingia kwenye kopo la unga wa uji ambalo sote wawili tulijua ni la ndege.

Chumba changu kilikuwa stoo. Magunia ya mahindi na maharagwe yalipangwa mpaka karibu na paa, makreti ya soda upande mmoja, mkaa karibu na mlango, na katikati godoro langu. Nilipoamka nywele zilinuka maharagwe. Ukuta uliotenganisha stoo na hoteli ulikuwa bati moja tu, lenye matundu ya misumari ya zamani, na kwa hivyo mwaka ule mzima niliishi nikisikiliza watu wakila. Niliwajua kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Jirani na stoo kulikuwa na chumba cha Anti, chumba cha mawe chenye mlango wa kweli na kufuli, kitanda kikubwa cha mvule, zulia, na pazia la maua alilolifua kila Jumamosi. Kilikuwa ndicho kitu pekee alichojivunia. Wateja walikaa kwenye mabenchi yaliyotikisika, lakini mwenye hoteli alilala kama mke wa chifu.

Niliyoyasikia kupitia bati yalihusu mimi mara nyingi kuliko nilivyopenda. Anti alinitangaza. Kila aliyekaa kula aliambiwa kwamba mtoto wa marehemu dadake anaenda majuu, na kila aliyeambiwa alikuwa na mawaidha. Fundi Karanja, mjenzi kutoka upande wa Murang'a aliyekula kwetu kila mchana, alikuwa na binamu Marekani na kwa hiyo alikuwa mtaalamu. "Mathe, mwambie akifika huko apotee. Apotee kabisa. Asituonyeshe uso." Anti akamjibu huku akigeuza chapati, "Huyo akienda ameenda. Mimi nimemwambia asirudi hapa kunisaidia kuosha sufuria." Mtu mwingine akauliza kama si mwaka mmoja tu. Hoteli yote ikacheka. "Mwaka moja ni ya kuandika kwa karatasi," Karanja alisema. "Nani huenda majuu mwaka moja?" Nikiwa upande wa pili wa bati, nimekaa juu ya gunia na kitabu mapajani, nilisikiliza kama vile wanamzungumzia mtu niliyewahi kusoma naye. Sikuudhika. Sikufurahi pia. Nilikuwa nimesema mwaka mmoja kwa sababu ulikuwa mwaka mmoja, shahada yangu ilikuwa huku, na sikuwa na nguvu ya kutamani zaidi ya hapo. Watu walidhani ni unyenyekevu. Pasta alinisifu kanisani kwa utulivu wangu.

Nakumbuka siku ya koti. Anti alikuwa ameambiwa kwamba huko baridi huua, na akaazimia kwamba sitakufa kwa kukosa koti. Tukaenda soko la mitumba mchana wa jua kali, wakati vumbi la udongo mweusi wa Kitengela linaingia mpaka kwenye meno. Makoti mazito yalikuwa chini kabisa ya marobota, kwa kuwa hakuna mwendawazimu wa kuyanunua, na muuzaji alifurahi sana kutuona. Nilivalishwa moja la kijivu, refu, lenye manyoya kwenye kofia, likafungwa vifungo vyote mpaka kidevuni. Wauzaji wa meza za jirani wakaacha kazi kuja kutazama. Anti akanizungusha. "Tembea. Inua mikono. Unahisi baridi?" Jasho lilinitiririka mgongoni mpaka kiunoni. Mama mmoja wa nyanya akapiga kigelegele. Anti alicheka mpaka akashika mbavu, nami niliwatazama wote kutoka ndani ya lile koti, nikaona wanafurahi, nikajua kwamba ni wakati wangu wa kutabasamu, nikatabasamu. Anti aliacha kucheka ghafla akanifungua vifungo mwenyewe, kimoja kimoja. Jioni ile aliniwekea nyama kwenye githeri yangu na kuifunika kwa maharagwe ili wateja wasione.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeniuliza swali badala ya kunipa mawaidha. Mama Nashipae alituletea maziwa kila asubuhi kutoka upande wa Kajiado. Alipakia mitungi kwenye pikapu ya kwanza, akashuka kwetu wakati chai inatokota. Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, mwenye shuka ya bluu na sauti ya chini, na Kiswahili alichokitumia kwa kiasi kana kwamba kinanunuliwa. Nilikuwa nikimpokea mtungi mlangoni. Siku moja hakuuachia. "Supa," alinisalimia kwa Kimasai. "Ipa," nikajibu. "Nasikia unaenda mbali. Wewe unaenda kurudi ama unaenda tu?" Nikamwambia naenda kurudi, mwaka mmoja. Akanitazama muda, bila kucheka. "Sawa. Basi niko na ndama yako."

Sikuelewa. Anti, aliyekuwa akikanda unga, alielewa zaidi yangu kidogo na akafuta mikono kuja kusikiliza. Mama Nashipae alieleza kwamba kuna ndama jike aliyezaliwa kwake mvua iliyopita, na kwamba amenipa. Atakaa bomani kwake, atakua, atazaa, na watoto wake watakuwa wangu. "Mtu akienda mbali ni vizuri aache kitu yenye inakula majani," alisema. Kisha akanieleza lililobaki. Kwao mtu akikupa ndama, majina yenu ya zamani yanawekwa kando. "Mimi sitakuita Ndanu tena. Nitakuita Paashe. Na wewe utaniita hivyo, Paashe. Hata tukizeeka." Angenipa kondoo, jina lingekuwa jingine. Akanitemea mate kidogo kwenye viganja, baraka ile ya kwao, akachukua mtungi mtupu wa jana akaondoka. Anti alitikisa kichwa. "Hawa watu," alisema. "Wewe unaenda Ulaya, yeye anakupatia ng'ombe. Si angekupatia mia mbili ya nauli?" Lakini kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na hata Anti alilijua hilo, siku iliyofuata alimfungia Mama Nashipae mandazi mawili kwa karatasi. Nami niliitwa Paashe kila asubuhi mlangoni, nikaitika Paashe, na kwa kuwa jina lile halikuhusiana na mama wala na majuu, nililibeba bila uzito wowote.

Halafu mvua ikakataa. Mwezi wa tatu ulipita mkavu, wa nne ukaja na mawingu yaliyotudanganya siku chache yakaondoka. Bei ya maji ya bauza, yale yaliyoletwa na lori la tangi, ilipanda, Anti akaanza kuosha vikombe kwa beseni moja tangu asubuhi mpaka jioni. Ng'ombe waliokonda walionekana wakila kando ya barabara kuu, hata kwenye ua wa makanisa. Mtungi wa Mama Nashipae zamani ulikuja umejaa. Sasa ulikuja nusu, kisha robo, kisha kuna siku hakuja. Bei ya mifugo sokoni Kajiado ilianguka na ilikuwa inaendelea kuanguka. Wakati huo huo barua ya chuo ilikuwa imefika, siku ya usaili wa visa imepangwa, na kopo la unga lilikuwa bado halijafikia nauli, kwa kuwa mafundi wa ujenzi nao walikuwa wamepunguza kula. Anti alipiga hesabu yake mezani kwa kidole, bila kalamu, akafika mahali ambapo hesabu zote mwaka ule zilifika. "Hiyo ng'ombe yako," alisema. "Inakufa bure. Tuiuze leo kama bado inasimama." Ilikuwa hesabu ya haki. Hata leo nikiirudia kichwani naiona ni ya haki. Nikasema sawa. Mwaka ule nilisema sawa kwa kila kitu.

Tulikwenda Kajiado siku ya soko. Nyumba ya Mama Nashipae ilikuwa nje ya mji, mwendo wa kutembea kutoka lami, mahali ambapo nyasi zilikuwa zimebaki vishina vya rangi ya mkeka. Alitukaribisha bila mshangao. Ndani kulikuwa na giza zuri, joto la moto mdogo, viti viwili vya plastiki alivyotuwekea na kigoda chake yeye. Kisha akatuletea chai, na chai ilikuwa ya rangi. Strungi. Katika nyumba ya Mmasai, kwa mwanamke aliyetuuzia maziwa miaka yote ile, tulipewa chai isiyo na tone la maziwa. Aliiweka mbele yetu akasema, "Mtanisamehea," akaangalia pembeni. Anti alikishika kikombe kwa mikono miwili. Alikuwa amekuja na maneno yake yamepangwa tangu gari lilipopita Isinya, nilikuwa nimemsikia akiyafanyia mazoezi, na nikaona yanamwishia mdomoni. Alikunywa chai yote ndipo akasema kwa upole kwamba tumekuja kwa ajili ya ile ndama, safari imekaribia, na mkono mtupu haulambwi.

Mama Nashipae alitutoa nje kutuonyesha. Sikuwa nimewahi kumwona ng'ombe wangu. Alikuwa mwekundu mwenye baka jeupe tumboni, mifupa ya nyonga imechomoza, amesimama kivulini mwa ua wa miiba akitafuna kipande cha boksi. Aligeuza kichwa akatutazama. "Ni yako, Paashe," Mama Nashipae aliniambia. Hakumwangalia Anti, aliniangalia mimi. "Ukitaka nikushikie tumpeleke soko saa hii, nashika kamba. Sitakasirika. Lakini nikuulize. Ukishauza, mimi nitakuita nani?" Aliuliza bila ujanja. Nadhani alitaka kujua kweli, jinsi mtu anavyouliza mgeni atalala wapi. Nilijaribu kutafuta jibu. Nilifikiria majina yote ambayo watu walikuwa wameacha kuniita tangu mama afe. Kisha nikasikia sauti yangu ikisema, "Hatuuzi." Ilikuwa mara ya kwanza mwaka ule kukataa kitu, na haikutoka kwa ushujaa, ilitoka tu, kama chafya. Anti aliniangalia, akaangalia ng'ombe, akakaza kitambaa chake cha kichwa. Hakunigombeza mbele ya mwenyeji. Alingoja mpaka tukafika lami. "Unaachilia ndege kwa sababu ya jina," alisema. "Jina, Ndanu. Yenye haiwezi hata kununua tikiti ya kufika Athi River." Hakuongea nami tena mpaka nyumbani, na nyumbani aliongea na sufuria.

Siku chache baadaye nilirudi kutoka chuoni nikakuta zulia la Anti limekunjwa mlangoni mwa stoo. Kitanda cha mvule kilikuwa mahali pake chumbani, lakini juu yake alikuwa amekaa kijana wa kiwandani akifungua sanduku lake. Anti alikuwa amepangisha chumba chake pamoja na kitanda, kodi ya miezi mingi imelipwa mbele. Alikuwa tayari ameshusha magunia mawili ya mahindi na kuyatandika blanketi karibu na godoro langu. "Hapa kuna joto," alisema. "Kule kulikuwa na upepo." Tukaishi hivyo, sisi wawili na maharagwe. Aliamka akiwa na alama za gunia shavuni. Asubuhi kabla hajawasha jiko alipiga magoti kwenye nafasi finyu iliyobaki kati yetu akasali kwa Kikamba, akidhani nimelala, na sala yake ilikuwa ile ile aliyoitangaza hotelini: Mungu amshike huko, ampe kazi huko, amwoze huko, asimrudishe kwa shida hii. Nilisikiliza nikiwa nimefumba macho. Nilijua kwamba ni jambo kubwa mtu kuombewa hivyo na kwamba nilipaswa kuguswa. Nilijikagua kama mtu anayejipapasa mfukoni. Hamkuwa na kitu.

Mama Nashipae alirudi mjini wiki moja kabla ya usaili. Hakuwa na mtungi. Aliingia na kukaa kwenye benchi la wateja, mahali ambapo hakuwahi kukaa, akanyoosha miguu iliyojaa vumbi. "Paashe," aliniambia, "ng'ombe yetu imelala." Nikamwambia, "Pole, Paashe." Akasema pole ni yangu. Ng'ombe wake wengine wengi walikuwa wamekufa pia, wakubwa kwa wadogo, alibakiwa na wachache waliopelekwa upande wa Tanzania na wanawe. Fundi Karanja, aliyekuwa akila, alitaka kusema kitu kuhusu kuuza mapema, Anti akamwangalia, naye fundi akarudi kwenye sahani yake. Maji yakimwagika hayazoleki. Anti alifungua pakiti ya maziwa ya dukani, akachemsha chai nzito, akamwekea Mama Nashipae kikombe kikubwa na chapati mbili, na Mama Nashipae akanywa maziwa ya pakiti polepole, akiyaonja. Alipotaka kulipa Anti alikataa kwa kumpa mgongo. Mlangoni mgeni wetu aliniita tena kwa jina lile lile, sauti ile ile ya kila asubuhi, ng'ombe akiwa hayupo. Niliitika. Nilisimama mlangoni muda mrefu, nikisubiri kuona kama nitahisi kitu, kisha nikaenda kuosha vikombe.

Kwa usaili wa visa nilifundishwa na Kitengela nzima. Kila mtu alijua swali lile linalowaangusha watu: una kitu gani hapa cha kukurudisha? Ukikosa jibu wanajua utapotelea huko. Kichekesho ni kwamba wale wale waliokuwa wakiniambia nipotee ndio waliokuwa wakinifundisha kuapa kwamba nitarudi. Karanja alijitolea kuniazima nakala ya hati ya shamba ya binamu yake. Pasta alisema niseme nina mchumba. Anti aliniambia niseme shahada, nimalizie shahada, nisimame wima na nisikune kichwa. Aliamua kunisindikiza. Alifunga hoteli siku nzima, kitu ambacho hata Krismasi hakufanya, akavaa suti yake ya kwenda harusini, na kwa kuwa wasindikizaji hawaruhusiwi ndani ya ubalozi, nilimwacha nje ya ukuta ule mrefu, amesimama juani na mayai mawili ya kuchemsha kwenye mkoba.

Nyuma ya kioo alikuwa mwanamke Mkenya wa umri wa Anti, miwani imeshuka puani. Aliuliza haya na yale kwa Kiingereza, nikajibu vizuri, kwa sauti yangu ya mwaka ule ambayo ilikuwa inajibu vizuri kila kitu. Kisha, bila kuinua macho, akahamia Kiswahili. "Na ni nini itakurudisha Kenya?" Neno shahada lilikuwa tayari mdomoni. Nikasema, "Niko na ng'ombe Kajiado." Akainua macho. "Ng'ombe?" "Ndiyo. Moja. Nilipewa." "Na iko huko sasa hivi?" Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Nikafungua mdomo kusema ndiyo na kikatoka kilio. Sikulia machozi ya heshima ya leso. Nililia kwa sauti, kamasi, mabega, mbele ya foleni nzima ya watu waliovaa tai, nikamwambia kupitia kile kitundu cha kupitishia karatasi kwamba imekufa, kwamba ilikufa kwa njaa, kwamba ilikuwa nyekundu, na nilipokuwa nikisema hayo nilijua kwamba namlilia mama, na ng'ombe, na Anti na alama za gunia shavuni mwake, na kwamba nimekwisha kuharibu kila kitu. Yule mwanamke alingoja. Alipitisha karatasi laini chini ya kioo. "Sasa kama imekufa," aliuliza, si kwa ukali, "utarudia nini?" Nikamwambia aliyenipa bado ananiita kwa jina la ng'ombe yule. Akanitazama juu ya miwani, akaandika kitu, akaniambia majibu yatakuja baada ya wiki, nimwite anayefuata.

Majibu, kama mnavyojua, yalikuwa mazuri, nikaenda, nikaona theluji, koti likafanya kazi yake, na mwaka ulipoisha nikarudi. Lakini siku ile sikujua. Nilitoka na macho mekundu, Anti akayaona kutoka mbali, akaanza kunijia huku suti imemkaa upande. Hakuniuliza kama nimelia; hakuwa amewahi kuniona nikilia tangu mazishi ya mama na nadhani aliogopa kwamba akikitaja kilio kitakatika. Alinimenyea yai. Tukasimama kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mimi nikila, yeye akinipangusa maganda kwenye kola. "Walikuuliza?"

"Waliniuliza."

"Ile ya kurudi?"

"Hiyo."

"Ukasema shahada."

"Nilisema ng'ombe, Anti."

"Ng'ombe gani?"

"Yangu. Ya Kajiado."

"Ile ilikufa?"

"Ile ilikufa."

Nilingoja anigombeze, na nilistahili; mwaka mzima wa magunia na chapati ulikuwa umeishia kwenye mdomo wangu. Anti alikunja maganda ya yai kwenye karatasi, akaitia mkobani, akafunga zipu. Mwanamke huyu alikuwa amewaambia watu wa Kitengela wote, na Mungu kila alfajiri, kwamba nisirudi. Kisha akaniangalia.

"Si ungesema mimi?" akauliza.